Breki za gari ya zamani hapa Tanga: fungua tairi kwanza, ndipo uende duka la spea

MLETA UZI

Wakuu, habari za jioni. Nafanya kazi gereji hapa Makorora, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, pedi za kampuni gani ni nzuri?" Mtu ana Corolla 110, ana Carina Ti, ana Noah ya zamani au Hilux aliyoachiwa na mzee wake. Breki zinalia au pedeli inazama, na anataka nimtajie jina moja akanunue Ngamiani amalize. Majina nitayataja humu humu. Ila kwa gari iliyovuka miaka ishirini, tena iliyokaa kwenye chumvi ya pwani yetu, naomba jina la pedi lisubiri. Toa tairi zote nne, angalia kilichomo, pima, halafu ndipo utoke na hela.

Kwenye gari nyingi tunazoendesha kalipa ya mbele, yaani kile kibanio kinachozibana pedi kwenye diski, ni ya kuteleza. Pistoni iko upande mmoja tu. Ukikanyaga, inasukuma pedi ya ndani kwenye diski, kisha mwili wote wa kalipa unajivuta kwenye pini mbili na kuileta pedi ya nje. Pini hizo zimevalishwa raba. Raba ikichanika, maji yanaingia, pini inashika kutu na kuganda. Kuanzia hapo pedi ya ndani inafanya kazi peke yake.

Juzi imeletwa Noah inayopakia abiria wa Lushoto. Mwenyewe analalamika kwamba pedi zinakwisha haraka, na kila zikiisha ananunua za bei kubwa zaidi. Nikatoa tairi la mbele kushoto. Pedi ya ndani ilikuwa imefika kwenye bati, chuma kinakula diski. Ya nje bado nene, hata ule mfereji wa katikati unaonekana vizuri. Nikaishika pini ya chini kwa plaisi, haikuzunguka. Gari ile tatizo lake halikuwa pedi. Ilihitaji pini, raba zake, diski mpya mbili na pedi za bei ya kati.

Kwa hiyo kabla ya kununua, angalia haya. Linganisha pedi ya ndani na ya nje, halafu linganisha kushoto na kulia. Zikiwa zimetofautiana sana, kuna kitu kimeganda. Bonyeza pistoni irudi ndani. Ikigoma, au raba yake ikiwa imepasuka, kalipa inahitaji kufunguliwa na kuwekewa seti mpya ya raba. Hosi nazo, ile mipira inayopitisha mafuta ya breki, zipinde kwa mkono. Hosi ya miaka mingi huvimba kwa ndani: mafuta yanakwenda kwa nguvu ya mguu lakini hayarudi, tairi linabaki limebanwa na rimu inachemka. Watu wengi wamebadilisha kalipa nzima kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye hosi.

Diski ipime kwa kalipa ya kupimia (venia, siyo ile kalipa ya breki), usipime kwa macho. Unene wa mwisho umeandikwa kwenye diski yenyewe, kwenye kofia au ukingoni, baada ya herufi MIN TH au MIN THK. Futa kutu kwa brashi ya waya utauona. Pima mahali pedi inapopita, siyo pale ukingoni kwenye tuta la kutu. Dramu, ile ngoma ya breki za nyuma, nayo imeandikwa kipenyo cha mwisho, kwa kawaida milimita moja au mbili tu zaidi ya ikiwa mpya. Ikishafika hapo haichongwi tena, inabadilishwa.

Sasa pedi zenyewe. Siku hizi madukani utakutana na aina tatu. Kuna za nyuzi na gundi zisizo na asbesto, ambazo ndizo gari nyingi za Japani zilitoka nazo kiwandani: kimya, laini kwa diski. Kuna zenye unga mwingi wa chuma: zinavumilia joto zaidi, ila zinachafua rimu, zinaweza kulia asubuhi na zinakula diski kidogo. Na kuna za seramiki: kimya, vumbi dogo, bei juu. Kwa gari ya mtu anayezunguka Chumbageni, Raskazone na Kange na kurudi nyumbani, aina ya kwanza inatosha kabisa.

Geuza pedi uangalie ubavu wake. Zile zinazofuata utaratibu wa Kimarekani zina herufi mbili kama FF, EE, GG au FE. Herufi ya kwanza ni mshiko pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ni ikiwa imechemka. E ni mshiko wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Ukiona FE maana yake ikipata moto inapoteza mshiko. Herufi hizi hazikuambii kama pedi itadumu au italia, zinakuambia mshiko tu, lakini hata hilo ni kubwa kuliko maneno ya muuzaji.

Alama ya pili ni ya Ulaya: herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha (1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia, 11 Uingereza), na karibu yake maandishi 90R. Hiyo ni Kanuni namba 90, inayotaka pedi mbadala isitofautiane na ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15 katika vipimo vya kusimamisha gari. Kanuni hiyo hiyo inataka boksi liwe limefungwa kwa namna ambayo likifunguliwa utajua. Kutokuwepo kwa alama hii hakumaanishi pedi ni feki, maana kuna gari zilizouzwa Japani peke yake na pedi zake hazikuwahi kupelekwa Ulaya. Ikiwepo, na namba zake zikiwa zimechapwa vizuri, nanunua nikiwa na amani zaidi.

Majina ninayofunga bila kusitasita: Akebono, Advics, Nisshinbo, Kashiyama (boksi zimeandikwa MK), Hi-Q ya Korea, Bendix, Ferodo, TRW. Kwa raba za silinda na kalipa natafuta Seiken. Siyo hayo tu yaliyo mazuri, ni hayo niliyoyafunga yakarudi kwangu yakiwa yameisha kwa haki.

MWENYE COROLLA 110

Mkuu shukrani kwa uzi. Mimi nimekuwa nikinunua zile za boksi la Toyota lenyewe. Dukani wanazo za bei mbili, zote boksi moja. Muuzaji anasema tofauti ni mzigo wa zamani na mzigo mpya. Nifanyeje?

MLETA UZI

Ndugu, boksi la kampuni ya gari ndilo linaloigwa kuliko yote, kwa sababu ndilo kila mtu analolifahamu. Spea ya orijino haina bei mbili kwenye kaunta moja. Ikiwa bei imeshuka kwa nusu, wewe chukulia kwamba unauziwa karatasi ya boksi. Pedi ya kampuni inayojulikana, iliyouzwa kwa jina lake yenyewe, ni bora mara nyingi kuliko hiyo "orijino" ya bei ya chini.

Ukiwa dukani fungua boksi. Namba ya spea kwenye stika ianze na 04465 kwa pedi za mbele, au 04495 kwa shuu za nyuma, zile zinazopanuka ndani ya dramu. Kisha toa pedi zote nne uzipange mezani. Rangi ya bati iwe imeenea bila matone. Pitisha kidole ukingoni, usikute vinyuzi vya chuma vilivyobaki pale bati lilipokatwa. Vinyuzi hivyo ndivyo vinavyofanya pedi ikwame kwenye mabano ya kalipa. Angalia mahali nyenzo ya breki inapokutana na bati: isiwe na ufa hata wa unywele. Maandishi ya pedi zote nne yafanane, na namba ya toleo iwe moja. Seti yenye pedi mbili za toleo moja na mbili za toleo jingine irudishe.

Halafu nenda na namba ya chesisi. Hizo 110 hazikutoka na breki za aina moja. Kuna zenye rimu ya 13 na zenye rimu ya 14, na pedi zake hazilingani. Namba iko kwenye kibati ndani ya boneti, ipige picha. Na pedi kuukuu ifunge kwenye gazeti uende nayo, uziweke mgongo kwa mgongo kabla hujatoa hela. Ukiagiza Dar kwa simu, kwenye maduka ya spea ya Gerezani, mtumie muuzaji picha ya kibati na picha ya pedi yenye rula pembeni. Mzigo ukishapanda basi kuja Kange ni kazi kuurudisha.

Na risiti dai. Ukiuziwa feki, Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia, lakini bila risiti huna pa kuanzia.

DEREVA WA MLIMANI

Fundi nakubaliana na mengi, hapo kwenye aina ya pedi tu nina neno. Sisi wa Mombo kwenda Lushoto hizo pedi laini hazitufai. Gari imejaa watu na magunia ya kabichi, ukifika kona za Soni harufu imeshaingia ndani na pedeli imekuwa ndefu. Nimehamia za chuma na sirudi nyuma.

MLETA UZI

Kaka uko sahihi kwa njia yako, na ndiyo maana niliandika Chumbageni na Raskazone. Lushoto iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari na Mombo iko chini kabisa ya mlima. Joto lote la kushusha mzigo ule linaishia kwenye diski. Gari ya abiria ya mlimani ifunge zenye chuma, tena za mshiko FF au zaidi, na diski ziwe na unene wa kutosha, maana diski nyembamba haina pa kuweka joto. Hata hivyo shuka na gia. Gia unayoihitaji kupandia kona ile ndiyo ushukie nayo. Breki iguse, uachie ipoe, usiiburuze kutoka Soni mpaka Mombo. Hata pedi nzuri kuliko zote ikiburuzwa itakolea moto na mshiko utapotea.

Nyongeza: pedeli kuwa ndefu baada ya mteremko siyo pedi peke yake. Inaweza kuwa mafuta ya breki yamechemka. Niambie ulibadilisha lini.

DEREVA WA MLIMANI

Kusema kweli huwa naongezea tu.

MLETA UZI

Basi hapo tumepata kitu. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewa, na hewa ya Tanga unaijua. DOT 3 (DOT ni daraja la mafuta, limeandikwa kwenye chupa) ikiwa mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi joto 205; ikishavuta maji kiwango chake kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa imevuta maji. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Ndiyo maana mguu unazama, ukisimama dakika kadhaa breki zinarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Kuongezea juu hakusaidii, maana yaliyochoka yako kule chini kwenye kalipa. Yatoe yote, weka DOT 4 mpya, na urudie kila baada ya miaka miwili. DOT 3 na DOT 4 zinaelewana. DOT 5 ni ya silikoni, hiyo usiichanganye kabisa, DOT 5.1 ni kitu kingine, inaelewana na 3 na 4.

Nunua chupa ndogo iliyozibwa. Chupa iliyobaki nusu kwenye rafu ya gereji tangu mwaka jana imeshakunywa unyevu. Na naomba mnisikie hapa: oili ya injini, haidroliki ya stelingi au ya gia isiingie kwenye kopo la breki hata tone. Raba zote kuanzia masta silinda (pampu ya kwenye pedeli) mpaka wili silinda (pampu ndogo za kwenye tairi) zitavimba na utalipia mfumo mzima.

MWENYE PIKAPU YA SAMAKI

Shikamoo fundi. Nina kirikuu nabebea samaki kutoka soko la samaki la Deep Sea. Breki za nyuma zinashika kwa kushtuka asubuhi halafu zinapungua. Nimeshauriwa nipeleke shuu zikabandikwe laini mpya (ule utando unaosugua dramu), ni nafuu kuliko kununua.

MLETA UZI

Marahaba ndugu yangu. Gari yako naielewa kabla sijaiona. Maji ya barafu yenye chumvi yanadondoka kutoka bodi moja kwa moja kwenye dramu za nyuma. Kutu inaota kati ya bati la shuu na laini, inaisukuma laini juu kidogo kidogo mpaka inapasuka au inabanduka kipande. Kipande hicho kikijikunja ndani ya dramu, tairi linafunga ghafla barabarani. Hilo ndilo ninaloliogopa kwenye gari za samaki kuliko pedi feki.

Kubandika laini upya siyo kosa. Malori mengi yanapigwa laini kwa ribiti na yanafanya kazi vizuri. Lakini kwa shuu ndogo za gundi inabidi bati lisafishwe mpaka liwe jeupe, gundi iwe ile ya breki, na ikaushwe kwa joto huku imebanwa sawasawa. Kama anayebandika anafanya chini ya mwembe kwa gundi ya kopo, kataa. Nunua shuu mpya za kampuni inayojulikana, seti ya tairi zote mbili. Zikifika gonga laini taratibu kwa mpini wa bisibisi: mlio uwe mmoja shuu nzima. Ukisikia mahali panapolia tupu, hapo haijashika.

Wili silinda nazo funua vivazi vya raba. Ukikuta pamelowa mafuta, badilisha pande zote mbili. Shuu iliyolowa mafuta ya breki haioshwi kwa petroli ikarudishwa, imeshanywa.

Kuna wenye Hilux watakaosoma hapa, na wao wana jambo lao. Nyingi zina vali nyuma, karibu na ekseli, yenye mkono unaosoma kama gari imebeba au iko tupu, ili ipime breki za nyuma zipewe nguvu kiasi gani. Ukiongeza majani ya springi gari ikainuka, mkono ule unaamini gari iko tupu siku zote. Umebeba tani, breki za nyuma zinapewa nguvu ya gari tupu, na pedi za mbele zinakwisha kama zimelaaniwa. Mwambie fundi arekebishe mkono huo kila springi zikiguswa.

Na suuza kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni ukishashusha samaki, humo ndani ya rimu. Ni kazi ndogo inayoongeza umri wa vyuma.

DADA WA CHUMBAGENI

Habari fundi. Yangu ni Carina Ti, nikikanyaga breki nikiwa kwenye mwendo wa barabara kuu ya Segera stelingi inatetemeka. Fundi mmoja anataka akachonge diski, mwingine anasema ninunue mpya, mwingine nitafute za mtumba za Japani. Nimechoka na majibu matatu.

MLETA UZI

Nzuri dada. Kwanza aondoe diski, asafishe kutu kwenye habu pale diski inapokaa. Punje ya kutu iliyobanwa hapo inatosha kuipindisha. Kisha apime kwa geji ya saa diski ikizunguka: kwa gari kama yako kuyumba kusizidi takriban milimita 0.05. Mara nyingine kusafisha habu tu kunamaliza kesi.

Ikibaki inayumba, jibu linatoka kwenye kipimo. Kama unene ni mkubwa kiasi kwamba ikichongwa itabaki juu ya ile namba ya MIN TH, achonge, zote mbili za mbele, kwa mashine ya kukereza na siyo kwa grenda. Kama haibaki, nunua mpya. Za mtumba mimi siwashauri watu. Diski ya mtumba imeshaliwa na mtu mwingine, na ukishaichonga kidogo umefika mwisho wake. Hosi za mtumba na raba za mtumba ndiyo kabisa usikubali, hata zikiwa zinang'aa.

Usikubali pia mabomba ya breki yaliyooza yabadilishwe kwa kopa la friji. Naliona sana kwenye gari za pwani. Bomba lile ni laini, linachoka kwa mtikisiko na kupasuka. Bomba la breki liwe la chuma cha breki au la kopa iliyochanganywa na nikeli, na mdomo wake ukunjwe mara mbili.

MZEE WA MUHEZA

Kijana, zamani sisi tulikuwa tunapuliza dramu kwa kompresa vumbi linatoka wingu zima, hakuna aliyeugua. Siku hizi mnaogopa kila kitu.

MLETA UZI

Shikamoo mzee wangu. Heshima yako ipo, ila kwa hili sikubali. Laini za zamani zilikuwa na asbesto, na ugonjwa wake wa mapafu unakuja baada ya miaka mingi, mtu ameshaacha kazi ya gereji na hakuna anayeunganisha. Uingereza waliipiga marufuku mwaka 1999 kwa sababu hiyo. Gari ya zamani iliyokaa bandani huwezi kujua ndani ya dramu kuna nini. Vijana wangu wanalowesha kwa maji ya sabuni na kufuta kwa kitambaa, na kompresa haigusi breki.

MWENYE COROLLA 110

Fundi, nimefungua leo. Kushoto pini moja imeganda kama ulivyosema, diski zote mbili zimebaki juu ya kiwango. Nimepata Akebono na raba za Seiken. Grisi ya pini nitumie ipi, na baada ya kufunga nifanye nini?

MLETA UZI

Safi sana. Pini zisugue kwa msasa laini mpaka ziteleze zenyewe kwa kidole. Ikiwa kutu imezila mashimo, nunua pini mpya. Grisi ya beringi usipake, inavimbisha raba. Tafuta ya silikoni ya breki au ile ya rangi ya waridi ya raba, paka kiasi, usijaze shimo. Visahani vya pembeni vinavyoshika pedi badilisha kama vimekuja kwenye boksi, na safisha kutu chini yake.

Ukirudisha pistoni chungulia kopo la mafuta lisifurike, mafuta ya breki yanabandua rangi. Kabla ya kuwasha na kuondoka kanyaga pedeli mpaka iwe ngumu, maana mkanyago wa kwanza utazama mpaka chini. Kisha nenda barabara tulivu, ile ya kuelekea Pangani asubuhi inafaa. Punguza mwendo kutoka 50 hadi 10 taratibu, achia, endesha kidogo ipoe, rudia mara kumi hivi bila kusimama kabisa huku umekanyaga. Wiki ya kwanza usikanyage kwa nguvu isipokuwa kwa dharura.

Ukirudi nyumbani sogeza mkono karibu na rimu zote mbili za mbele, usiguse. Joto likilingana kushoto na kulia, umemaliza. Kushoto kukichemka zaidi, niletee Jumamosi tuangalie hosi.